Mgeni Aliyekataa Kigoda

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anashuka njia ya mawe itokayo barabarani, begi begani, nami nimepiga magoti mchangani nageuza dagaa. Kwa urefu ule nilijua ni yeye. Mwendo ndio haukuwa wake.

Ndalahwa ninayemfahamu hushuka mawe yale ya Igombe kwa kurukaruka kama mbuzi. Jumapili ile alikuwa anatanguliza mguu wa kulia kila jiwe, taratibu, kama mtu anayeonja maji ya kuoga kama yamepoa, halafu wa kushoto unaufuata. Jiwe kwa jiwe, vilevile. Nikaacha kugeuza dagaa nikamtazama mpaka alipofika chini. Pale chini akaniona. Akanyoosha mgongo, akaanza kutembea vizuri kabisa.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Mtu haanzi kutembea vizuri kwa sababu ameonwa, ila kama anaficha kitu.

"Mwenzangu, Ulaya wako kafika!" Tereza akaniita kutoka kwenye turubai lake. Tereza ni Mjita, tunaanika pamoja, na mdomo wake haujui kupumzika hata Jumapili akitoka misa. "Jifute mchanga usoni, mwanamke! Unampokea mtu wa Uingereza ukinuka dagaa?"

"Aliniacha nikinuka dagaa. Akinikuta nanukia atapotea njia."

"Mimi ningekuwa wewe ningeshamrukia shingoni."

"Ndiyo maana wewe si mimi."

Akafika. Akasimama upande wa pili wa nyavu kuukuu tunazotandazia dagaa, dagaa wote wale wakiwa kati yetu, wanang'aa jua. Alikuwa amekonda mashavu. Koti lake jepesi lilikuwa na nembo ya timu nisiyoijua, na ile ya mwaka jana niliijua. Tukatazamana. Nilihisi uso unanichoma, nikashukuru kwamba jua lilikuwepo la kusingiziwa.

"Amondi," akasema.

"Ndalahwa."

"Bado una tabia ya kumtazama mtu mpaka asahau alichotaka kusema."

"Ulitaka kusema nini?"

Akacheka. "Nimesahau."

Tereza akasonya kwa sauti ili tusikie. "Watu wametengana mwaka mzima, wanasalimiana kama mashemasi!"

"Umechoka safari?" nikamuuliza. Nilimwekea mlango huo wazi. Nilitaka aseme, ndiyo, na mguu huu unanisumbua.

"Kidogo tu," akasema. "Mzee yupo?"

"Yupo. Anakungoja."

Nikafunga khanga vizuri nikatangulia. Nyuma yangu niliisikia miguu yake mchangani, mmoja unazama zaidi ya mwingine.

Niseme kwanza huyu Ndalahwa ni nani kwangu. Ni Msukuma wa Sengerema, alikuja Mwanza kuchezea timu ya kiwanda kimoja cha Nyakato, beki wa kati, na mchana alikuwa akibeba marobota ya pamba kiwandani. Mimi nilikuwa nauza dagaa kwenye lango la kiwanda. Hakuwa na maneno mengi. Alinunua dagaa kila jioni mpaka wenzake wakamcheka kwamba atageuka kambale. Siku moja tukiwa tumekaa ukingoni mwa uwanja aliniuliza, "Unajua beki anaangalia nini?"

"Mpira," nikasema.

"Hapana. Mpira unadanganya. Macho ya mtu nayo yanadanganya, anatazama huku anaenda kule. Beki anaangalia kiuno. Kiuno hakijui uongo."

Nilicheka, lakini somo lile liliniingia kuliko yote ya darasa la saba.

Halafu akaja mzungu fundi wa mashine, akamtazama akicheza, akasema kule kwao beki wa namna hii anakula kwa miguu yake. Basi akaenda. Msidhani alikwenda kwenye zile timu ambazo vijana wa Igoma huandika majina yake kwenye madigadi ya baiskeli. Alikwenda kwenye miji midogo ya Uingereza, mji wa watengeneza viatu, mji wa machimbo yaliyofungwa, mji wa pwani wenye upepo wa kumwangusha ng'ombe. Kila msimu mji mwingine, kitanda kingine katika nyumba ya mama mwingine wa kizungu wa kuchemsha viazi. Hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Andi. Na kila mwezi wa tano ligi ikiisha alirudi, tunakaa pamoja ufukweni, na kila alipoondoka aliniambia jambo lilelile.

"Msimu mmoja tu, Amondi. Nikitulia timu moja, nakuja na wazee."

Nami nilingoja. Kungoja nakujua. Anayeanika dagaa hushinda anatazama mawingu.

*

Nyumbani Mama alimpokea kwa mikono miwili. Ndalahwa akampa doti ya kitenge na sukari, na kwa Baba akatoa pakiti ya betri kubwa za redio, kama anavyoleta kila mwaka. Baba huzipokea bila kusema kitu, na hajawahi kununua betri nyingine.

Sasa, sebuleni kwetu kuna kiti kimoja cha maana, kiti cha mvule chenye mikono, Baba alikichonga mwenyewe alipostaafu kazi ya kutia mafuta injini za meli. Hakikaliwi na mtu mwingine. Baba akitoka, redio ndiyo inayokaa. Alipoingia aliinyanyua redio, akaketi, akaipakata. Na karibu na mlango kuna kigoda. Kifupi, kinafika chini ya goti. Katika nyumba yetu mwanamume aliyekuja kwa ajili ya binti hukaa pale, chini ya baba wa binti, mpaka siku atakayopokelewa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu." Baba akakionyesha kigoda kwa kidevu.

Ndalahwa akakitazama.

"Asante, Baba. Nitasimama tu."

Mama akaacha kukunja kitenge. "Kaa baba, umetoka mbali."

"Nimekaa sana kwenye ndege, Mama, na kwenye treni. Nikisimama ndiyo napumzika."

Ilikuwa sababu nzuri, kwa watu wengine. Mkono wa Baba ulikuwa unaipapasa redio kama mtu anayemtuliza paka. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jiko. Nilitazama kiuno cha Ndalahwa. Uzito wote alikuwa ameuegemeza kushoto. Nikaelewa. Kukaa angeweza kwa kujitupa. Kuinuka ndiko asingeweza, ila kwa kushika ukuta mbele ya Baba.

Sema, nikamwambia kwa macho. Sema tu, goti linaniuma.

Akanitazama, akayaondoa macho.

"Kigoda hiki," Baba akasema pole pole, "nilikikalia kingine kama hiki kwa baba wa huyu Mama yenu, kule Shirati. Asubuhi mpaka jua linazama. Odongo naye, aliyekuja kumposa Amondi, alikikalia hiki mwezi uliopita mpaka miguu ikafa ganzi, akatoka anachechemea. Mgeni anayesimama ana safari."

"Sina safari, Baba."

"Huna? Msimu ujao uko wapi?"

"Kuna klabu inanihitaji. Mji wa bandari, kaskazini."

"Ile ya mwaka jana?"

"Tumemalizana."

"Ya mwaka juzi?"

"Ile waliniazima tu."

"Walikuazima."

"Ndiyo, Baba. Klabu moja inamwazima mchezaji kwa nyingine, ikimaliza naye inamrudisha."

"Kama sufuria," Baba akasema.

Mama akakohoa ndani ya kitenge. Ndalahwa mwenyewe alitaka kutabasamu, akajizuia.

"Mchungaji wetu naye anahamishwa," Baba akaendelea. "Lakini konferensi ya kanisa ikimhamisha inampa nyumba, na siku ya Sabato anasimama mimbarini. Wewe siku ya Sabato unasimama wapi?"

"Uwanjani, Baba."

"Unafanya nini?"

"Nazuia watu wasipite."

Sisi ni Wajaluo, na ni Wasabato. Kuanzia jua la Ijumaa mpaka jua la Jumamosi hatuaniki, hatuuzi, hatuwashi moto wa biashara. Na mpira wa kule huchezwa Jumamosi alasiri. Hilo ndilo lililokuwa jiwe kubwa njiani mwetu, kubwa kuliko Usukuma wake. Odongo ni Msabato. Anakusanyia samaki kiwanda kimoja cha minofu cha Nyakato, ana nyumba ya bati Igoma, na Jumamosi anaimba besi kanisani.

"Miaka yote hii," Baba akasema, "jina lako nimelisikia redioni mara moja. Nilikuwa natafuta habari nyingine, nikapita hapo."

"Najua ni siku gani, Baba. Mechi ya kombe."

"Ulifunga bao."

"Nilijifunga, Baba."

"Ndivyo nilivyosikia."

"Redio inataja wanaofunga. Beki anatajwa akikosea tu. Akifanya kazi yake vizuri, hakuna cha kutaja."

"Ni kazi gani hiyo, mtu akiifanya vizuri hatajwi?"

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Baba akasimama, redio kwapani. Hakupaza sauti. Baba hapazi sauti, ndiyo maana tunamwogopa.

"Jumapili ijayo Odongo anakuja na wazee wake. Nilimwambia aje kama sitapata neno lingine. Leo nilitaka kulisikia neno lako, kijana. Umekataa hata kukaa." Akanigeukia, akaniita kwa Kijaluo. "Nyara, binti yangu, umengoja vya kutosha. Mtu akikungojesha sana, jua amekuweka akiba."

Akatoka kwenda nyuma ya nyumba. Tukaisikia redio ikikoroma.

*

Tulirudi ufukweni kwa sababu dagaa walikuwa hawajageuzwa. Tereza alitutazama nyuso, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Akasogea upande wake.

Nikapiga magoti nikaendelea na kazi. Ndalahwa akabaki amesimama.

"Nipe msimu mmoja tu," akasema.

"Nilijua."

"Hii klabu ni tofauti. Kocha alinitazama mwaka jana, anataka mtu mzima wa kuwaongoza vijana pale nyuma. Mwezi wa saba naonana na daktari wao, nasaini."

"Daktari atatazama nini?"

"Kila mchezaji anatazamwa. Moyo, pumzi."

"Na miguu?"

Ndege mweupe akatua karibu na dagaa, nikamfukuza kwa khanga.

"Na miguu," akasema.

"Mguu wako upi wanautaka sana?"

"Amondi."

"Nauliza. Umeshuka yale mawe ukitanguliza wa kulia kama mzee wa miaka themanini. Umesimama mbele ya baba yangu akikupa kigoda, ukamwachia afikiri una kiburi. Mimi nimekufungulia mlango mara ngapi leo? Umepita nje yake."

Alitazama ziwa. Maji yalikuwa yametulia, yamegeuka rangi ya bati.

"Beki hamwonyeshi mshambuliaji mguu unaomuuma," akasema.

"Mimi ni mshambuliaji?"

Akaendelea kutazama maji.

"Nijibu. Nakuja kukufunga mimi?"

"Goti limechanika ndani," akasema hatimaye. "Mwezi wa tatu, uwanja una tope, niliteleza kuzuia mpira. Klabu walilipasua mara moja, daktari akasema kulipasua tena hawezi. Ndiyo maana tumemalizana. Lakini kuna sindano, Amondi. Unachomwa asubuhi, siku hiyo unaruka kama swala. Daktari wa klabu mpya hataona kitu."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nimeshasaini."

"Na mwaka kesho kutwa, ukiwa huwezi kuchota maji kisimani?"

"Nitakuwa nimepata cha kuja nacho! Huelewi? Nimekaa kule miaka yangu yote ya ujana. Watu wa Sengerema wanajua niko Uingereza, wanafikiri nalala juu ya manoti. Narudi na nini? Hakuna hata mtu mmoja huku anayelijua jina langu kwa jambo jema. Narudi nimlete nani mbele ya baba yako? Mtu wa kuazimwa, mwenye mguu mmoja?"

Sauti yake ilikatika hapo. Nilitamani kuinuka nikaushike ule uso uliokonda, kweupe pale, Tereza aone na Igombe nzima ione. Sikuinuka. Kuna jambo nililitaka kulisema, nikaona nikimshika sitalisema.

"Ndalahwa, sikukungoja kwa sababu ya Uingereza. Nilikuwa nakuuzia dagaa unanuka pamba. Sasa nisikilize, maana sitarudia. Ukienda kuchoma sindano umdanganye daktari, utanidanganya na mimi kwa sindano nyingine. Usirudi. Nitamkubali Odongo, nitaimba naye kanisani. Lakini ukija kwangu na goti lako bovu, ukasema ni bovu, mimi nipo."

"Baba yako amekwisha kusema."

"Baba amesema kuhusu mtu aliyekataa kukaa. Yule mwenye goti hajaonana naye."

Akafungua mdomo ajibu. Na hapo ndipo nilipogundua maji hayakuwa tena rangi ya bati. Yalikuwa meusi. Katika maisha yangu yote ya kuanika dagaa sijawahi kupitwa na wingu, na siku ile lilinipita kwa sababu nilikuwa nauangalia uso wa mtu.

"Amondiii! Mvua!" Tereza alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mvua za mwisho za masika huku kwetu hazibishi hodi. Upepo ulitangulia, ukainua mchanga, ukainua na nyavu. Dagaa wakilowa wameoza, hata kuku anachagua. Ule ulikuwa mtaji wangu na wa Tereza wa siku zote za giza, mwezi usipowaka na dagaa wakavuliwa. Tukawa tunakusanya kwa mikono, kwa mabeseni, kwa khanga, tunasukumia katikati ya nyavu ili turubai liwafunike wote pamoja.

"Shika turubai!" nikampigia kelele Ndalahwa. "Piga magoti ukandamize ukingo!"

Akalivuta turubai vizuri, akalitandaza. Akainama. Goti la kulia likakunjika nusu, likakataa. Nilisikia sauti iliyomtoka, na mpaka leo naisikia. Upepo ukaingia chini ya turubai, likavimba kama tumbo la chura, likaanza kuondoka.

Basi akajitupa. Urefu wake wote, kifudifudi, mikono imetanuka, akalala juu ya ukingo wa turubai mchangani kama anavyojitupa beki mbele ya mpira unaokwenda golini. Turubai likatulia. Mvua ikaja yote.

"Sukuma!" akapiga kelele, mchanga mdomoni. "Sukumeni humu, hakipiti kitu!"

Tereza na mimi tukasukumia dagaa chini ya turubai kutoka upande wa pili, tukaweka mawe, tukakimbilia ukingo mwingine tukaukalia. Mvua ilitupiga mgongoni kama mtu anayetwanga. Tereza akaanza kucheka, cheko la kulowa, akasema, "Mwenzangu, huyu Ulaya wako anafaa kuezekea nyumba!" Nami nikacheka na kulia, hakuna aliyejua kipi ni kipi.

Mvua ilipopungua tukainuka. Ndalahwa hakuinuka.

Alijaribu kwa mkono, akarudi chini. Nikaenda nikamshika bega.

"Niache kwanza," akasema. "Limekwisha, Amondi. Goti limekwisha."

"Najua."

"Sindano haitoshi. Nilijua tangu kule. Nilikuwa najidanganya mwenyewe kwanza."

Nikaona miguu ya watu wawili mchangani. Baba alikuwa amesimama juu yetu, kofia inadondosha maji, na Mama nyuma yake. Sijui alikuwa pale tangu lini. Baadaye Mama aliniambia Baba alikuwa barazani tangu upepo unaanza, ameona yote.

"Inuka, kijana," Baba akasema.

"Siwezi, Baba."

"Ni goti?"

"Ndiyo."

"Ndilo lililokataa kigoda changu?"

Ndalahwa akageuza uso, shavu likalala mchangani. "Ndilo, Baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekuja kuomba binti, Baba. Kitu cha kwanza nikuonyeshe kiwe kile kilichoharibika?"

Baba alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikunja suruali yake mpaka juu, palepale mchangani, akaonyesha kovu refu ubavuni mwa muundi, kovu la injini ya meli. Nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua siri, kwa kuchungulia. "Nilikwenda kwa baba mkwe nikiwa nimelifunga kitambaa," akasema. "Niliwaambia ni mbwa." Akaishusha suruali. "Mshikeni huku na huku."

Tukamwinua, mimi kulia, Mama kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kuubeba uzito wake. Haukuwa mzito kama nilivyofikiri. Tukampeleka mpaka barazani, na alipotaka kuegemea nguzo Baba akasema, "Ngojeni."

Akaingia ndani. Akatoka na kile kiti cha mvule, amekikumbatia, redio ameiacha chini sebuleni. Akakiweka barazani. Mama akashika mdomo.

"Kaa."

"Baba, hiki ni chako."

"Nimesema kaa."

Ndalahwa akakaa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake. Baba akarudi ndani tena, akatoka na kigoda. Akakiweka mbele ya mgeni, akaketi yeye mwenyewe pale chini, magoti yake ya kizee yakipanda mpaka karibu na kidevu. Tereza aliyekuwa anakamua khanga uani aliiacha ikadondoka.

"Sasa nisemeshe," Baba akasema. "Ile klabu ya bandarini?"

Ndalahwa akanitazama. Nilikuwa nimesimama nguzoni, nimelowa, mchanga mpaka kwenye nyusi. Hakuyaondoa macho safari hii.

"Siendi, Baba. Kesho nitawapigia simu kutoka posta, niwaambie ukweli."

"Utakula nini?"

"Shule moja Sengerema wananiomba kila nikirudi, niwafundishe vijana mpira. Na kaka yangu ana shamba, sehemu yangu ipo. Si kazi ya kutajwa."

"Hiyo ya shule ni siku gani na siku gani?"

"Jumatatu mpaka Ijumaa."

"Na Jumamosi?"

Ndalahwa akafikiri. Niliona neno likimjia pole pole, likimshangaza yeye mwenyewe.

"Jumamosi sina kazi tena, Baba."

Mvua ilikuwa imebaki ya kudondoka kwenye ukingo wa bati tu. Baba alitazama ziwa, akatazama mikono yake, akaitazama kupitia mlangoni ile redio iliyokaa sakafuni na betri mpya kando yake. Kila Jumamosi jua likizama tulikuwa tunafunga Sabato kwa sala, na kabla Mama hajamaliza amina Baba alikuwa ameshageuza kitufe, sikio limegusa redio, anapitia matokeo ya miji ile midogo mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Sisi wote tulikuwa tunajua, na hakuna aliyewahi kulisema. Asipolisikia jina la Ndalahwa, alizima, akasema, "Leo wamezuia vizuri," akaenda kulala.

"Odongo nitamwambia mwenyewe," akasema. "Wazee wako waje Jumapili ijayo, siku ileile." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Na mimi nitasikiliza nini?"

Ndalahwa aliinamisha kichwa, Mama akageukia ukutani na kitenge chake. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha mchaichai, maana neno lilikuwa limeshasemwa, na mgeni wetu amekaa.